Sheria Imfunge Mkubwa Kwanza

Namna wakubwa wa kampuni za siku hizi wanavyopambana na shida za kazi yao

Mtu akipita mbele ya nyumba kubwa ya kampuni, mjini Kinshasa, Lubumbashi au Goma, huona milango ya kioo na motokaa nzuri zilizopangwa uani, naye husema moyoni: "Heri yule bwana anayekaa juu kabisa. Yeye huamuru tu, na watu wote hutii." Wengi huwaza hivyo, na hasa vijana wetu wa shule wanaotamani kuanza biashara yao siku moja. Hudhani kwamba kuongoza kampuni ni kukaa kitini, kutia sahihi na kupokea faida.

Waliokwisha kuishika kazi hiyo wanajua mambo mengine. Kampuni ya siku hizi ina watu maelfu, nao wametawanyika katika nchi nyingi, hata mkubwa wao hawezi kuwaona wote kwa macho yake. Fedha hupita katika mikono mingi. Kosa dogo la fundi mmoja laweza kuuzwa kwa watu elfu mia kabla halijajulikana. Habari mbaya, ambazo mkubwa anazihitaji kuliko zote, humfikia zikiwa zimechelewa, maana kila aliye chini yake huogopa kuzipeleka. Tena nje ya mlango wamesimama watu wenye njaa ya fedha ya siri.

Je, wakubwa wenye akili wamepambana namna gani na shida hizo? Leo tutazame kampuni tatu: moja iliyofanya kazi hapa kwetu Kongo, moja ya Japani, na moja ya Marekani. Tutaona kwamba pale zilipofaulu, wakubwa wake hawakuzidisha amri tu. Walitunga sheria, kisha wakaanza kujifunga wao wenyewe kwayo. Na pale walipoisahau sheria yao, walianguka kama wengine.

MINARA PASIPO BARABARA

Tuanze nyumbani. Vijana wa leo hawawezi kuamini, lakini wazazi wao wanakumbuka siku ambazo simu ilikuwa kitu cha wenye mali tu. Mwaka 1986 Bwana Miko Rwayitare alianzisha mjini Kinshasa kampuni iitwayo Telecel, iliyokuwa miongoni mwa kampuni za kwanza barani Afrika kuuza huduma ya simu za mkononi. Lakini bei ilikuwa kubwa mno. Waliozibeba simu hizo walikuwa wakubwa wa serikali na matajiri. Simu za waya nazo zilikuwa chache na mbovu, hata mtu wa Bukavu aliyetaka kumpasha habari ndugu yake wa Kisangani alitafuta msafiri wa kumchukulia barua.

Mwaka 1998 Bwana Mohamed Ibrahim, ambaye wengi humwita Mo, alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Celtel. Bwana huyo alizaliwa Sudani mwaka 1946, katika watu wa Nubia. Alisomea ufundi wa umeme mjini Alexandria huko Misri, akaendelea na masomo Uingereza, na huko akawa mkuu wa mafundi katika kampuni ya simu ya Cellnet. Kampuni kubwa za Ulaya ziliiogopa Afrika. Ziliona vita na barabara mbovu, zikasema kwamba watu wa huko ni maskini na hawataweza kulipa. Mabenki nayo yalisitasita kukopesha. Ibrahim alilitazama jambo hilo hilo kwa upande wa pili: watu wengi wasio na simu ni watu wengi wanaoingoja.

Basi Celtel ikaingia katika nchi nyingi, zikiwamo Kongo zote mbili. Nchini kwetu vita vilikuwa vimewaka tangu mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule wa 1998. Mafundi walijenga minara mahali pasipo barabara wala umeme. Kila mnara wa namna hiyo ulihitaji mashine yake ya kutoa umeme, mafuta yake na mlinzi wake, na mahali pengine vifaa havikuweza kufika ila kwa helikopta. Tena mwajua kwamba Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, na kila mji unaona taa za mwenzake ng'ambo ya mto. Hata hivyo simu ya kutoka mji mmoja kwenda wa pili ilizungushwa kwa setilaiti kupitia nchi za mbali, ikalipiwa kama ya safari ndefu. Celtel, kwa kuwa ilikuwa na kazi pande zote mbili, iliivusha sauti moja kwa moja juu ya maji.

SAHIHI YA BARAZA ZIMA

Lakini mto na msitu havikuwa shida iliyo kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ilikuwa rushwa. Kampuni ya simu haiwezi kupiga hatua bila karatasi za serikali: ruhusa ya kutumia mawimbi ya hewani, ruhusa ya kuingiza mashine, ruhusa ya kusimamisha mnara. Penye karatasi pana mwenye muhuri, na baadhi ya wenye mihuri hukumbuka sana ile methali isemayo, Mkono mtupu haulambwi. Wasipopewa kitu, karatasi hulala mezani wiki hata wiki, na mashine huota kutu bandarini.

Katika shida hiyo mkubwa wa kampuni afanye nini? Wengine huwakataza watumishi wao kwa maneno makali, kisha huwaacha peke yao mbele ya mwenye muhuri. Hiyo ni sawa na kumtuma mtoto mtoni ukamwambia asilowe. Ibrahim na wenzake walishika njia nyingine. Waliweka baraza la wakurugenzi lenye watu wa heshima, wakakata shauri hili: hapana mtu katika kampuni, hata aliye mkubwa wa wote, atakayeweza kutoa fedha zaidi ya dola 30,000 bila baraza zima kukubali.

Itazameni vizuri nguvu ya sheria hiyo. Mtumishi aliyeombwa fedha ya siri hakuhitaji tena kuwa shujaa. Aliweza kujibu kweli tupu: "Mzee, mimi sina uwezo huo. Hata bwana wangu hana. Ombi lako halina budi kuandikwa na kusomwa mbele ya baraza." Na nani atakayependa ombi la namna hiyo liandikwe kwa jina lake? Sheria ilikuwa kama ukuta nyuma ya mgongo wa mtumishi. Yeye aliweza kuuegemea, na mwombaji hakupata pa kupenya.

Mtu atauliza: Je, shauri hilo halikuchelewesha kazi? Bila shaka lilichelewesha. Kwa kampuni inayojenga minara katika nchi nyingi, dola 30,000 ni fedha ndogo. Kwa hiyo mambo mengi yalipaswa kupelekwa mbele ya baraza. Mwanzilishi mwenyewe, ambaye kampuni ni kazi ya mikono yake, alipaswa kungoja kama wengine. Hapo ndipo penye uzito wa shauri lote. Kama angalijiachia mlango mdogo wa nyuma kwa ajili yake peke yake, mwenye muhuri angaliujua mlango huo kabla ya mwezi kwisha, naye angaliupita.

Matunda yakaonekana. Mwaka 2005 kampuni ya MTC ya Kuwait iliinunua Celtel kwa dola bilioni 3.4, na wakati huo ilikuwa ikifanya kazi katika nchi 13 za Afrika. Wafanyakazi waliokuwa na hisa nao walipata sehemu yao. Baadaye jina likageuka kuwa Zain, na mwaka 2010 kampuni ya Bharti Airtel ya India ikainunua kazi hiyo karibu yote ya Afrika. Kwa hiyo msomaji wa Kongo anayetumia simu ya Airtel leo, anatumia kazi iliyoanzishwa na mafundi wale wa Celtel.

Naye Ibrahim mwaka 2006 aliweka shirika lake la kusaidia utawala bora, akatenga zawadi kubwa kwa ajili ya wakuu wa nchi za Afrika waliotawala vema na kuondoka kitini kwa kufuata katiba. Mwaka 2007 aliyepewa wa kwanza alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji. Iko miaka ambayo hakuonekana wa kuistahili. Tunaona basi kwamba sheria aliyojiwekea katika kampuni, aliitafuta pia kwa watawala: mkubwa akubali kuwa na mpaka.

KAMBA YA FUNDI

Sasa tuiache simu, tutazame motokaa. Hakuna anayehitaji kuelezwa Toyota ni kitu gani. Katika matope ya barabara zetu, gari la namna hiyo ndilo mara nyingi linalobeba wagonjwa, wachuuzi na wanafunzi. Lakini wachache wanajua kwamba akili iliyoijenga kampuni hiyo ilitoka katika nguo kabla ya kufika katika magari.

Sakichi Toyoda alizaliwa Japani mwaka 1867, mtoto wa seremala. Alijitahidi miaka mingi kutengeneza mitambo ya kufumia nguo, na mwaka 1924 alimaliza ule uliomletea sifa. Ajabu ya mtambo huo ilikuwa hii: uzi mmoja ukikatika, mtambo ulisimama wenyewe. Mitambo mingine iliendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu atambue. Mtambo wa Toyoda ulikataa kufuma ubovu. Mwanawe Kiichiro alianzisha kampuni ya motokaa mwaka 1937, na baada ya vita vikuu fundi mmoja mkuu, Taiichi Ohno, akaiingiza akili ya mtambo ule katika kazi ya watu.

Katika karakana ya motokaa, magari yasiyokwisha hupita polepole katika mstari mbele ya mafundi. Huyu hufunga mlango, yule hukaza gurudumu, na mwingine hupachika kioo. Zamani katika viwanda vingi mstari huo haukuruhusiwa kusimama. Kusimamisha mstari kulihesabiwa kuwa dhambi kubwa, na mwenye ruhusa alikuwa mkubwa tu. Fundi akiona kosa, aliliacha lipite. Gari likaenda mbele na kosa lake, na mwisho likasukumwa kando kungoja kutengenezwa, au likauzwa lilivyo.

Toyota walitundika kamba juu ya vichwa vya mafundi. Fundi yeyote aliyeona kosa, hata kama ameanza kazi juzi, alipaswa kuivuta. Taa huwaka, kiongozi wa kikundi huja mbio, na wasipoweza kuliondoa kosa kwa haraka, mstari wote husimama. Methali yetu inasema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamba ile ilikuwa ruhusa ya kuziba ufa, nayo ilitolewa kwa mtu wa chini kabisa.

Labda mtasema: "Hao ni Wajapani, desturi zao ni nyingine." Basi sikilizeni habari ya kiwanda cha Fremont, katika California huko Marekani. Kilikuwa mali ya General Motors, na sifa yake ilikuwa mbaya. Pengine mtu mmoja katika watano hakufika kazini. Ulevi na ugomvi vilijaa. Wafanyakazi na wakubwa walitazamana kama maadui. Mwaka 1982 kikafungwa. Kisha General Motors wakapatana na Toyota wakifungue pamoja. Mwaka 1984 kazi ikaanza tena, na wengi wa wafanyakazi walioitwa walikuwa wale wale wa zamani. Mamia yao walipelekwa kwanza Japani kujifunza. Waliporudi waliikuta kamba, na viongozi waliofundishwa kuja mbio ili kusaidia, wala si kugomba. Kwa muda mfupi magari ya Fremont yakawa miongoni mwa yaliyo imara kuliko yote ya General Motors, na waliokosa kazini wakapungua sana.

Watu ni wale wale, nyumba ni ile ile. Kilichogeuka ni sheria iliyomfunga mkubwa. Zamani alikuwa na haki ya kutoambiwa; sasa alilazimishwa kusikia. Tunayo methali, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni ya kweli; lakini katika kiwanda, mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika. General Motors wenyewe walikawia mno kulitwaa fundisho hilo katika viwanda vyao vingine, na mwaka 2009, kwa sababu nyingi, wakashindwa kulipa madeni wakakimbilia mahakamani. Kiwanda cha Fremont nacho kilifungwa mwaka uliofuata, wenye mali wale walipoachana nacho.

MGEMA AKISIFIWA

Hata hivyo tusiwasifu Toyota kupita kiasi, maana Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni hiyo ilikua kwa haraka, ikawa ya kwanza duniani kwa wingi wa magari. Mwaka 2009 na 2010 ikalazimika kuyaita tena mamilioni ya magari kwa sababu ya pedali za mwendo na mazulia ya chini yaliyoweza kuzishika. Mwezi wa Februari 2010 mkuu wake, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani, akaomba radhi, akasema kwamba huenda kampuni ilikua upesi kuliko ilivyoweza kuwafundisha watu wake. Hakuwatupia lawama mafundi. Aliivuta kamba, ingawa kwa kuchelewa.

Mlinganisheni na habari ya Volkswagen ya Ujerumani. Wakubwa wake walitaka kuuza motokaa nyingi za dizeli huko Marekani, lakini sheria ya moshi ilikuwa kali. Ndani ya kampuni mashine zikatiwa hila: gari lilipopimwa, lilitoa moshi kidogo, lilipokuwa barabarani, lilitoa moshi mwingi. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza udanganyifu huo, na ikaonekana kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na hila hiyo. Mkuu wa kampuni alijiuzulu kwa siku chache tu, na gharama ikawa mabilioni mengi ya fedha. Wengi walioichunguza habari hiyo walisema kwamba katika nyumba ile watu waliogopa kuwaambia wakubwa kuwa jambo fulani haliwezekani. Mahali ambapo neno "haiwezekani" limekatazwa, uongo huja kukaa kwenye kiti chake.

DAWA YENYE SUMU

Kampuni ya tatu tunayoitazama ni ya dawa. Mwishoni mwa Septemba 1982, katika mji wa Chicago na vitongoji vyake, watu saba walikufa kwa ghafula. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12. Wote walikuwa wamemeza dawa ya maumivu iitwayo Tylenol, iliyouzwa wakati huo na kampuni ya Johnson & Johnson. Mtu mwovu alikuwa ametia sumu kali, sayanidi, ndani ya dawa hizo baada ya kutoka kiwandani. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Mkuu wa kampuni alikuwa Bwana James Burke. Kosa halikuwa lake wala la mafundi wake. Angaliweza kusema, "Kiwanda chetu ni safi, mtafuteni mwuaji." Tena Tylenol ilikuwa moja ya vyanzo vikubwa vya faida ya kampuni, na wako waliohofu kwamba kuiondoa nchini kote kungewatia moyo waovu wengine. Burke akaamuru chupa zote za namna ile zirudishwe kutoka katika nchi nzima: yapata chupa milioni 31, zenye thamani ya dola zaidi ya milioni 100. Aliwatangazia watu katika magazeti na televisheni wasiitumie dawa ya kampuni yake mwenyewe.

Aliwezaje kukata shauri kubwa hivyo kwa siku chache? Jibu liko miaka mingi nyuma. Mwaka 1943 Robert Wood Johnson, aliyeongoza kampuni hiyo, alikuwa ameandika ukurasa mmoja wa kueleza kampuni inawiwa na nani. Wa kwanza ni waganga, wauguzi, akina mama na wengine wote wanaotumia dawa zake. Wa pili ni wafanyakazi. Baadaye wako watu wa mahali inapokaa. Wa mwisho ni wenye hisa, ndio wenye mali. Mwenye mali mwenyewe alijiandika wa mwisho! Na miaka michache kabla ya msiba wa Chicago, Burke aliwakusanya wakubwa wenzake akawauliza waziwazi: je, maneno haya twayafuata? Kama hatuyafuati, tuyaondoe ukutani. Walijadiliana sana, wakakubali yabaki.

Basi siku ya hatari ilipowadia, swali lilikuwa limekwisha kujibiwa. Hawakuketi kupima kwanza faida na damu katika mizani moja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule dawa ilirudi madukani katika chupa zenye vifuniko vilivyofungwa mara tatu, ili mtu yeyote aone kama zimeguswa. Mauzo yaliyokuwa yameanguka vibaya yakapanda tena, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi ilikuwa imerudishiwa sehemu kubwa ya wanunuzi wake. Vifuniko vya namna hiyo tunavyoviona leo kwenye dawa nyingi vilienea baada ya msiba huo.

Lakini hapa pia tusifumbe macho. Miaka ya baadaye watu maelfu mengi waliishtaki kampuni hiyo hiyo, wakisema poda yake ya watoto, iliyotengenezwa kwa unga wa jiwe la talki, iliwaletea kansa. Kampuni imekana, hata hivyo mwaka 2023 iliacha kuuza poda ya talki duniani kote. Haifai sisi kuwahukumia mahakama zao. Twajifunza hili tu: maneno mema yaliyochorwa ukutani hayajilindi yenyewe. Kila kizazi cha wakubwa hakina budi kuulizwa upya lile swali la Burke.

NA SISI, JE?

Pengine mwasema: "Hayo ni mambo ya mabilioni. Sisi tuna duka la chumvi na sabuni, tuna pikipiki mbili za kukodisha, tuna ushirika wa kahawa." Ndugu zangu, shida ni zile zile, zimepungua ukubwa tu. Maduka mangapi mtaani kwetu yamefunguliwa kwa shangwe yakafungwa kabla ya mwaka? Wengine waliporwa katika vita, na hao hatuna la kuwalaumu. Lakini wengi waliliwa polepole na droo yao wenyewe. Mwenye duka alichukua franka chache za bia, akachukua za soda ya wageni, akachukua za nguo ya sikukuu. Hakuiba, maana mali ni yake. Lakini mwisho wa mwezi hakuwa na fedha ya kununulia mzigo mwingine. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena liko jambo zito zaidi kwetu sisi Waafrika. Ndugu anakuja; mtoto wake ni mgonjwa, au kuna matanga, au karo ya shule haijalipwa. Ni nani mwenye moyo atakayemfukuza? Na mwenye duka akitoa kila mara kutoka droo, duka linakufa, na wale waliokuwa wakilitegemea wote wanarudi kuwa maskini pamoja naye. Hapo sheria ya Celtel yaweza kutusaidia. Mwenye duka ajiwekee mshahara wake wa mwezi, kama vile angekuwa mtumishi. Atenge na sehemu ndogo ya faida kwa ajili ya jamaa, katika kisanduku cha pekee. Fedha ya kununulia bidhaa isitoke bila sahihi mbili, yake na ya mkewe, au ya mzee anayeaminiwa. Ndugu akija, amkaribishe, ampe chakula, amwonyeshe kisanduku cha jamaa, na kumwambia kweli: "Kaka, kilichomo humu ni chako pia. Ile nyingine hata mimi siruhusiwi kuigusa." Neno hilo halimvunjii ndugu heshima, maana halisemi "wewe hapana", lasema "sisi sote hapana."

Wakuu wa vyama vya ushirika nao wajiulize: je, karani wetu akigundua kwamba mizani inapunja wakulima, anaweza kusema mbele yetu bila kupoteza kazi? Mwalimu mkuu anayeshika fedha ya wazazi ajiulize: je, daftari langu linaweza kusomwa na mzazi yeyote siku yoyote? Dereva akisema breki zimechoka, je, mwenye gari humshukuru, au humwambia amalize safari kwanza? Kila swali la namna hiyo ni kamba. Ama tumeitundika mahali mkono wa mdogo unapofika, ama tumeificha.

Haitoshi kutunga sheria nzuri kwa ajili ya watumishi na kumwacha mwenye mali nje yake. Watumishi wana macho. Wakimwona bwana akichukua droo usiku, watajifunza kuchukua mchana. Wakimwona akiandika jina lake katika daftari kila anapochukua hata franka mia tano, wataandika ya kwao pasipo kugombezwa.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kufungua duka mwaka huu, kabla hujanunua bidhaa, nunua daftari. Katika ukurasa wa kwanza, kabla ya hesabu yoyote, andika mambo matatu au manne ambayo wewe mwenyewe, mwenye duka, hutaruhusiwa kuyafanya. Kisha mpelekee mtu unayemheshimu, ayasome, atie sahihi yake chini ya yako, na umpe ruhusa ya kuja kulitazama daftari hilo siku yoyote bila kupiga hodi mara mbili.